Muhogo Mchungu na Zile Siku Tatu

Ndugu mkulima, leo tuzungumze habari ya kuchachuka. Mtu akisikia neno hili hufikiria pombe, togwa au maziwa ya mgando. Ni sawa. Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kwamba maziwa hayachachi yenyewe tu. Kuna vijidudu hai, visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari iliyomo na kutoa ukali. Lakini mama zetu waliwatumikisha vijidudu hao zamani, bila darubini, na kazi yao kubwa kuliko zote mimi naiona katika muhogo mchungu.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Wareno waliutoa Brazili na kuuleta upande wa mto Kongo katika karne ya 16. Wenyeji wa Brazili walikuwa na ufundi wao wa kuukuna, kuukamua na kuukaanga. Huku kwetu watu wengi walishika njia ya kuuloweka na kuuvundika: Kongo wakapata chikwangue, na kandokando ya Ziwa Viktoria watu wakapata udaga. Wapo wanaosema muhogo mchungu ni wa kizamani, tuutupe. Mimi sikubali. Nguruwe na nyani wanauogopa, nao huvumilia ukame na kukungoja ardhini.

Sasa basi, muhogo huo una sumu ya sayanidi iliyofungwa ndani ya mnofu wake. Ukiuloweka siku tatu, vijidudu vya uchachu huulainisha. Mnofu ukilegea, dawa ya asili iliyomo humo humo ndani ya muhogo huikuta ile sumu na kuifungua. Nyingine hubaki majini, nyingine huruka hewani wakati wa kuanika. Sehemu kubwa sana ya sumu huondoka hivyo. Kuanika peke yake muhogo mzima hakufanyi kazi hiyo vizuri.

Zikikatwa hizo siku, watu hulemaa. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa miguu huko Kwango, Kongo, ambao Wayaka huuita konzo, jina la mtego wa kufunga miguu ya mnyama. Mtu hulala mzima, akiamka miguu imekakamaa. Miaka ya baadaye, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopita nchi hiyo, muhogo ukawa biashara. Wachuuzi wana haraka, na fedha ni fedha; vijiji vingine wakapunguza kuloweka kutoka siku tatu hadi usiku mmoja. Konzo ikazidi. Barabara haikuwa na kosa, lakini hakuna aliyewaeleza akina mama zile siku tatu zilikuwa zinafanya nini.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walilemaa mkoani Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Huko waliuita mantakassa. Na msidhani ni mambo ya mbali: mwaka 1985 ukame ulipoikumba Tarime, mkoani Mara, walipatikana wagonjwa 39. Njaa haina subira, chakula hutengenezwa mbio mbio. Tena wakati huo huo maharage na samaki hawapo, na hivyo ndivyo vinavyoupa mwili nguvu ya kuivunja sumu inayobaki. Aliyelemaa hazidiwi zaidi mwaka hata mwaka, lakini miguu hairudi kama zamani.

Mtaniuliza, bwana shamba, tutajuaje kwamba umeiva? Menya kwanza, kisha loweka. Muhogo uliovundikika barabara hubonyea kwa vidole, na ule uzi wa katikati hutoka bila kuvutwa kwa nguvu. Kukiwa na baridi, ongeza siku. Maji yale ya kulowekea yamwageni mbali, mbuzi wasiyanywe.