Machungwa ya Mtangata

Ndugu zangu wa nyumbani, Tanga yetu huitwa "waja leo, waondoka leo", na sisi wenyewe tunalitamka jina hilo kwa fahari. Nami nimelitamba mara nyingi barazani Dar es Salaam. Ila nikisoma habari za wageni wa kale waliofika kwetu, naona walikaa, na wakala wakashiba.

Aprili 1498 merikebu tatu za Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kuelekea Mombasa. Moja, São Rafael, iliyoongozwa na kaka yake Paulo, ilikwama kwenye fungu mbele ya ghuba ya Mtangata, pale Tongoni, ikabidi wangoje maji yajae. Wazee wetu wakawafuata kwa vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa. Baharia aliyeandika habari za safari ile alikiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Na hao ni watu waliokuwa wameugua kiseyeye njiani. Chungwa kwao lilikuwa dawa.

Januari 1499 wakarudi kutoka Uhindi, wengi wao wamekufa kwa maradhi yale yale. Mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu, hivyo wakahamisha mizigo na kuichoma moto São Rafael papo hapo kwenye fungu. Walikaa siku 15. Watu wa Mtangata wakawapelekea kuku wengi, wakabadilishana kwa mashati na bangili. (Waliyoyafanya Wareno pwani hii miaka iliyofuata tunayajua, simo katika kuwasifu.)

Ninachokisifu ni ule mji wa bandari uliojua kumlisha mgeni na kupata chake. Msikiti wake wa mawe umebaki gofu, makaburi yake yapo, na nguzo nyingi za makaburi zimeanguka.

Mwaka jana niliwapeleka wajukuu. Asubuhi tuliingia mapango ya Amboni na tochi, wakapiga kelele kwa popo. Adhuhuri wakaogelea Raskazone. Alasiri tukashika barabara ya Pangani, kama kilomita 20, mpaka magofuni. Walipenda. Mdogo akataka kujua fungu lenyewe liko wapi, na jirani mmoja mvuvi akamwonyesha kwa kidole. Kisha wakaona njaa na kiu. Hatukupata pa kununua hata chai, na choo tuliomba nyumba ya mtu. Tukarudi mjini kula samaki wa kupaka na mihogo ya nazi. Nilipopiga hesabu usiku, fedha zote tulizotumia siku ile zilibaki mjini. Kijijini hatukuacha hata shilingi, na mimi ni mtoto wa pale. Niliona haya.

Kwa hiyo kamati imeelekeza mchango wa mwaka huu kwenye mambo matatu, nje ya eneo la magofu: banda la mama lishe, choo chenye maji, na mtumbwi mmoja wenye maboya ya kujiokolea, ili vijana wavuvi wawapeleke wageni ghubani bamvua inapojaa. Machungwa hatuna shida nayo, Muheza si mbali.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mtakaokuja nyumbani sikukuu, pitieni Tongoni kabla ya kwenda mjini, mwone kiwanja tulichopewa. Njooni na chai yenu ya chupa, kwa mwaka huu tu.