Vifaa vya Kuazima

Kazi yangu ni kupiga eko, yaani picha za moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, nyingi zikiwa za watoto. Vijana ninaowafundisha hudhani mashine hii ilibuniwa na watu waliokuwa wakiuwazia moyo tangu mwanzo. Huwaambia sivyo: vyombo kadhaa vilivyotufikisha hapa viliazimwa kwenye kazi nyingine kabisa.

Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alichukua mpira wa kutolea mkojo, akaupitisha kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na madaktari Cournand na Richards, walioifanya njia hiyo kuwa kipimo cha hospitali.

Katika miaka hiyohiyo, mjini Baltimore, Marekani, daktari Helen Taussig aliongoza kliniki ya moyo ya watoto ya Johns Hopkins kuanzia 1930. Masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo mapigo aliyasoma kwa vidole. Alitumia eksirei ya mfululizo, akimgeuza mtoto huku na huku ili kivuli cha moyo kionekane kila upande. Tundu lenyewe ndani ya moyo wa mtoto halikuonekana. Lakini alijifunza kutambua chumba kilichovimba, mapafu yanayoonekana kupata damu kidogo, na kivuli chenye umbo la buti cha ugonjwa wa moyo aliouelezea daktari Fallot mwaka 1888. Aligundua pia kwamba baadhi ya watoto wenye midomo ya bluu walizidiwa pale mshipa wanaozaliwa nao kati ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na ateri ya mapafu ulipoziba. Akauliza: je, daktari wa upasuaji hawezi kutengeneza njia nyingine? Tarehe 29 Novemba 1944 daktari wa upasuaji Alfred Blalock alimfanyia hivyo mtoto wa kike wa miezi 15. Nyuma yake alisimama Vivien Thomas, fundi Mweusi wa maabara aliyekuwa ameinyoosha mbinu hiyo kwa mbwa, akimwelekeza.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Lund, Sweden. Daktari Inge Edler alitaka kujua, kabla mgonjwa hajapasuliwa, kama valvu yake ya mitrali, iliyo kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, imebana au inavuja. Alimwendea mwanafizikia Hellmuth Hertz. Kwenye karakana ya meli ya Kockums, Malmö, kulikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Wakaiazima wikendi moja, wakaijaribu kifuani. Baadaye kampuni ya Siemens ikawapa mashine yake, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakarekodi mwangwi wa moyo unaopiga.

Walichopata kilikuwa mistari tu, na mstari hausemi umetoka wapi. Mmoja uliocheza kwa kasi Edler aliudhania kuwa ukuta wa chumba cha juu. Alikuja kuwapima wagonjwa waliokaribia kufa, akaweka alama ya mwelekeo wa mawimbi, na baada ya kifo akachoma chuma chenye ncha palepale. Kikatua kwenye kilango cha valvu ya mitrali.

Picha inayotembea ilikuja miaka ya 1970, Nicolaas Bom wa Rotterdam akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, na rangi za mwendo wa damu miaka ya 1980. Leo naliona tundu, na naona damu inaelekea wapi.

Hata hivyo, fomu nyingi za madaktari huletwa kwangu zikiwa na neno moja tu: eko. Neno hilo halitoshi. Kuna watoto ambao mshipa wa kulisha msuli wa moyo umeanzia kwenye ateri ya mapafu badala ya aota. Mtoto hutoka jasho na kulia akinyonya, moyo umetanuka, na asiyewazia mshipa huo ataandika kwamba msuli ni dhaifu, basi. Upasuaji ungeweza kumponya.

Taussig na Edler walianza na swali, chombo kikafuata. Kwa hiyo ombi langu kwa daktari anayenitumia mtoto: andika anabadilika rangi lini, ananyonyaje, uzito unaongezeka au la, na wewe unashuku nini. Mistari miwili inatosha.