Malengelenge Si Uchawi: Historia Ambayo Voi Inafaa Kuijua

Wasee, huku kwetu mtu akitokwa na malengelenge mwili mzima, kabla afike hospitali mtaa ushatoa hukumu: amerogwa, ama ana kitu cha kuambukiza. Kikombe chake kinatengwa. Mimi nasema hiyo tabia inaua, kwa sababu kuna malengelenge ambayo hayaambukizi kabisa, lakini ukichelewa kutibiwa unaweza kufa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa pemfigasi. Hakuna mdudu hapo. Kinga ya mwili, ile inafaa kukulinda, inakugeukia na kushambulia ngozi yako mwenyewe.

Kulijua hilo kumekula maisha ya watu kazini. Walter Lever, daktari Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa bingwa wa kuchunguza vipande vya ngozi kwa hadubini. Mwaka 1953 alionyesha kwamba kilichoitwa ugonjwa mmoja ni magonjwa mawili. Kwa pemfigasi, seli za ngozi ya juu zinaachana zenyewe kwa zenyewe, na lengelenge linapasuka upesi. Kwa pemfigoidi, ngozi yote ya juu inabanduka kutoka ya chini, lengelenge linakaza, na wengi wanaougua ni wazee.

Mwaka 1964, Ernst Beutner na Robert Jordon, huko Buffalo, wakapata kingamwili zinazoshambulia ngozi ndani ya damu ya wagonjwa wa pemfigasi. Mwaka 1991, Masayuki Amagai, kijana kutoka Japani aliyekuwa akifanya utafiti na John Stanley Marekani, wakatambua kinacholengwa: protini inayoitwa desmogleini 3. Fikiria ukuta wa matofali. Hiyo protini ndiyo simiti. Simiti ikiharibiwa, matofali ni mazima lakini ukuta umeachana. Amagai baadaye akawa profesa wa ngozi Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, na ameendelea na swali hilo hilo.

Kabla dawa za steroidi zije miaka ya 1950, wagonjwa wengi wa pemfigasi walikufa: maji yanavuja mwilini, vidonda vinaingia bakteria. Leo ugonjwa unaweza kudhibitiwa. Lakini lazima kwanza mtu autambue.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Wataalamu wa ngozi wengi wako miji mikubwa, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi. Lakini angalia upande ule mwingine. Moshi, ukishapita Taveta na Holili, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC. Wazo lake lilikuwa simpo: usingoje kila wilaya ipate profesa, chukua matabibu waliopo, wafunze ngozi miaka miwili, warudi kwao. Wamesomea hapo watu wa nchi nyingi za Afrika.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili wapeleke wanajeshi upande wa Moshi. Kama njia hiyo ilifaa kwa vita, inafaa pia kwa matabibu wetu. Kaunti iwapeleke wakasome.

Na wewe, ukiona mtu ana malengelenge yasiyopona, ama vidonda mdomoni vinavyokaa wiki nyingi, usimkimbie. Mshike mkono, mpeleke hospitali.