Ahadi ya Bwana Norton

Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni halitimii kwa watu wawili tu, mdai na mdeni. Hutaka na wa tatu, yaani sheria, imshike mdeni asipotaka kulipa. Sheria isipokuwapo, hati hata ikiandikwa kwa wino mzuri ni karatasi tupu. Jambo hili laonekana wazi katika habari za bibi mmoja wa Uingereza, Caroline Norton.

Caroline alizaliwa London mwaka 1808. Babu yake alikuwa Richard Brinsley Sheridan, mtungaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, na yeye mwenyewe alikuja kuwa mwandishi mwenye sifa. Mwaka 1827 aliolewa na George Norton, mwanasheria na mbunge. Walizaa wana watatu, lakini nyumba yao haikuwa na amani, kwa maana mume alikuwa mkali wa mkono. Mwaka 1836 walitengana. Norton akawachukua watoto, kisha akamshtaki Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwamba amezini na mkewe. Wazee wa baraza walisikiliza kesi hiyo, wakaitupa bila hata kuondoka vitini mwao.

Sasa yafaa tufahamu hali ya sheria ya Uingereza katika zama hizo. Mwanamke alipoolewa, nafsi yake ilimezwa na nafsi ya mumewe. Fedha alizozipata kwa kuandika vitabu zilikuwa mali ya mume. Hakuweza kufungua madai kwa jina lake, wala hakuweza kumdai mume, kwa hoja kwamba mume na mke ni mtu mmoja, na mtu hawezi kujidai mwenyewe. Talaka kamili nayo ilihitaji Bunge lipitishe sheria maalumu kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na gharama yake iliwashinda watu wengi.

Mwaka 1848 Norton alihitaji fedha, na ili azipate ilimlazimu kupata idhini ya mkewe. Basi wakapatana kwa maandishi: Caroline atatoa idhini, na Norton atampa masurufu ya pauni 500 kila mwaka. Caroline akatimiza sehemu yake. Lakini mwaka 1851 mama yake alifariki akamwachia pato dogo, na Norton akaona ya kuwa sasa hana haja ya kulipa kama alivyoahidi. Akakataa.

Caroline angefanya nini? Kumdai hakuweza. Akatumia njia moja iliyobaki, akawaelekeza watu waliomwia wamdai mumewe, maana kwa kawaida mume ndiye aliyepasiwa kulipia mahitaji ya mkewe. Kesi ilisikilizwa Westminster mwaka 1853, na Caroline akasimama mbele ya umati kuulizwa habari za fedha zake. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ile hati haikuwa na nguvu yo yote, kwa kuwa mke hakuweza kufanya mkataba na mumewe. Sahihi yake ilikuwa na thamani ilipomfaa Norton, ikakosa thamani ilipomfaa yeye.

Caroline hakunyamaza. Mwaka 1854 na 1855 aliandika vitabu vya kueleza dhuluma ya sheria hizo, na kimoja alikielekeza kwa Malkia Victoria. Wanawake wengine, miongoni mwao Barbara Leigh Smith, walikusanya sahihi za watu na kuzipeleka Bungeni. Mwaka 1857 Bunge lilipitisha sheria mpya. Korti ya talaka ikaundwa. Mke aliyetupwa akaweza kulinda mapato yake, na aliyetengwa kwa amri ya korti akaweza kudai kwa jina lake. Tena, mume akiamriwa kulipa masurufu asilipe, alipasiwa kuwalipa waliompa mke mahitaji yake. Hata hivyo usawa haukupatikana: mume aliyetaka talaka alitakiwa kuthibitisha uzinzi tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine. Tofauti hiyo ilidumu hadi mwaka 1923.

Amri ya korti ni kitu kimoja, na kuitimiza ni kitu kingine. Sheria ya mwaka 1869 ilikomesha kifungo kwa madeni mengi, ila mdeni mwenye uwezo aliyekataa amri aliweza bado kutiwa jela, muda usiozidi majuma sita. Lakini mfungwa hana ujira, na mke hali kifungo. Kwa hiyo mwaka 1958 ikatungwa sheria iliyomruhusu hakimu kumwamuru mwajiri akate fedha katika mshahara kabla haujafika mkononi mwa mdeni.

Habari hizi si za mbali nasi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya mali ya mwanamke aliyeolewa ilitumika katika korti za Kenya mpaka mwaka 2013, Kenya ilipotunga yake. Tena tukumbuke kwamba pwani yetu ilikuwa na desturi nyingine. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Sehemu iliyoahirishwa ni deni juu ya mume, na mke aweza kusimama mbele ya kadhi akalidai kwa jina lake. Katika hili, mwanamke wa Lamu alikuwa na haki aliyonyimwa bibi wa London.

Siku hizi katika Kenya, anayekataa kulipa alichoamriwa na korti aweza kukamatiwa mali yake ikauzwa mnadani, au sehemu ya mshahara wake ikazuiwa. Na akiwa na uwezo lakini akaidi, aweza kufungwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo yasema mume na mke wana haki sawa ndoa inapofungwa, inapodumu na inapovunjwa.

Caroline hakupata talaka kamwe. Norton alikufa mwaka 1875. Mkewe akaolewa tena mwaka 1877, akafariki mwaka huo huo. Zile pauni 500 zilimpotea, lakini madai yake yamewafaa wengi waliokuja nyuma yake. Dawa ya deni ni kulipa. Na asiyetaka dawa, sheria haina budi kumnywesha.