Mzigo wa Majani

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, waliwakuta wenyeji wa Kilimanjaro wakifuga ng'ombe ndani ya nyumba, chini ya paa moja na watu. Vihamba vilikuwa vidogo, nayo migomba ilihitaji samadi. Kwa hiyo mifugo haikupelekwa malishoni, bali malisho yaliletwa kwa mifugo.

Kazi hiyo ilikuwa hasa ya akina mama na mabinti. Waliteremka tambarare na mundu na kamba, wakakata majani, wakayafunga, kisha wakapanda mlima wakiyabeba kichwani. Kiangazi, majani yalipoadimika, mabua makavu ya mahindi yalipandishwa yakawekwa akiba pakavu, na ng'ombe wakaongezewa vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, kwa kuwa vina maji mengi.

Samadi ilistawisha migomba, na baadaye kahawa. Kahawa hiyo, iliyouzwa kupitia Chama cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, ililipia karo za watoto na sadaka za ujenzi wa makanisa.

Katika kumbukumbu zetu majina ya wachungaji na wazee wa kanisa yamehifadhiwa. Ya waliobeba majani hayakuandikwa. Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika, na tukiri deni hilo. Mizigo ya majani ingali inapanda mlima. Ndugu washarika, tukikutana na mama njiani, tusimwamkie tu, tumpokee mzigo.