Mjomba, makaa na nyuzi za kaboni

Mnisamehe kwa ukimya. Nilikuwa Ozi kwa mjomba wangu, ambako mtandao huja na kwenda kama maji ya bahari. Kwa wasiopajua: unatoka Garsen, unapita Witu hadi Kipini, kisha unapanda boti na kuufuata mto Tana kwenda juu. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini safari hii sikuandika hata mstari mmoja. Nilishinda nikibishana na mjomba juu ya mtumbwi.

Mtumbwi wake ni wa mwembe, gogo moja lililochongwa. Umezeeka, na kupata mwembe mwingine wa kufaa si rahisi tena. Maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni na kuharibu miembe na mpunga, maana maji matamu yanayoshuka kutoka bara yamepungua. Nami kwa kujifanya mjuzi nikamwambia dawa ipo: nyuzi za kaboni. Akauliza ni kitu gani hicho. Nikamjibu, ni makaa. Jamani, alicheka!

Lakini ni kweli. Mchoma makaa anaijua siri yenyewe: ukiyachoma magogo mahali pa wazi unapata majivu. Ukiyafunika kwa majani na udongo, hewa ikakosekana, mengine hutoka na moshi na kaboni inabaki. Thomas Edison alifanya hivyo hivyo mwaka 1879 kwa uzi wa pamba, akapata uzi mweusi wa taa yake ya umeme. Joseph Swan wa Uingereza alikuwa ameanza majaribio ya namna hiyo kabla yake. Uzi ule uliwaka, ila ukiugusa tu, umevunjika. Baadaye taa zikahamia kwenye tungsteni, na habari ya nyuzi za kaboni ikalala.

Aliyeiamsha ni Mmarekani Roger Bacon, mwaka 1958, katika maabara ya Union Carbide karibu na Cleveland. Alikuwa akichunguza kaboni kwenye joto kali mno, na katika mabaki akakuta vinyuzi vyembamba vyenye nguvu ya ajabu. Tatizo likawa gharama. Mwaka 1961, huko Osaka, Akio Shindo akatumia uzi wa akriliki, ndugu wa uzi wa masweta yetu ya mitumba. Katikati ya miaka ya 1960 William Watt na wenzake wa Farnborough, Uingereza, wakagundua jambo ambalo mvuvi yeyote angelielewa: uzi usilegee. Ukiuvuta wakati unapashwa moto, kaboni hujipanga kufuata urefu wake, na hapo ndipo penye nguvu.

Leo uzi hupashwa kwanza nyuzijoto 200 hadi 300 penye hewa, kisha hupita kwenye tanuri lisilo na oksijeni, joto likiwa zaidi ya 1000. Karibu nusu ya uzito hupotea. Kinachobaki ni chembamba kuliko unywele mara kumi hivi. Husukwa kuwa kitambaa, kitambaa kikalowekwa gundi ya epoksi, kikalazwa kwenye kalibu, kikabanwa na kupikwa hadi kikawa kigumu.

Mjomba alisikiliza yote, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, nikigonga kisiki?"

Swali kama hilo liliwahi kuitesa Rolls-Royce. Walitengeneza mapanga ya injini ya RB211 kwa kaboni ili yawe mepesi. Mwaka 1970 wakayajaribu kwa kuyarushia kuku mfu kwa kasi, kuiga ndege anapogonga ndege (Kiswahili kinatuchanganya hapa!). Mapanga yakavunjika vipande vipande. Wakarudi kwenye titani, gharama zikazidi kupanda, na Februari 1971 kampuni ikafilisika. Kuku hakuwa sababu peke yake, ila alichangia.

Maarifa yalikua baadaye. McLaren walileta gari la mashindano la kaboni mwaka 1981. Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi na gundi. Hata viatu alivyovaa Eliud Kipchoge kule Vienna mwaka 2019, alipokimbia kwa saa 1:59:40, vilikuwa na bamba za kaboni.

Mtumbwi je? Kilo ya kaboni huuzwa takriban mara kumi ya kilo ya nyuzi za kioo. Tena kaboni ikigongwa huweza kupasuka ndani huku juu haionyeshi kitu, na Ozi hakuna mashine ya kuichungulia. Mbao ikipasuka, fundi anaiona.

Nikakubali nimeshindwa. Mjomba akaupindua mtumbwi. Chini palikuwa na kiraka cha faiba, nyuzi za kioo na resini, alichokibandika mwenyewe miaka kadhaa iliyopita bila kumuuliza mtu wa kompyuta. Ukingo mmoja ulikuwa umeanza kubanduka, kwa kuwa mti hunywa maji na kuvimba na faiba haivimbi. Tukausugua kwa msasa, tukauacha mti ukauke siku mbili, tukaongeza tabaka jingine. Siku ya tatu alikuwa mtoni, nami nilikuwa bado nabandua resini vidoleni.