Dhahabu ya Zanzibar na Hazina Iliyowekwa Ng'ambo

Mwaka 1299 wa Hijra, uliokutana na 1882 Miladia, Sayyid Barghash bin Said aliamrisha zipigwe huko Ulaya sarafu zenye jina lake: reale ya fedha, pesa za shaba zenye sura ya mizani na, jambo ambalo hapana Sultani wa Zanzibar aliyelitenda kabla yake wala baada yake, sarafu za dhahabu, moja ya reale tano na nyingine ya reale mbili na nusu. Dhahabu hizo zilikuwa chache mno, hata zisipate kuingia katika biashara za watu. Nazo leo ni tunu zinazogombewa na wakusanyaji wa sarafu katika minada ya ng'ambo.

Wafanyabiashara wa Forodhani walikuwa wamekwisha zoea fedha za wageni. Walipokea reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, uzito wake gramu 28, na kando yake rupia ya Bara Hindi, ambayo thamani yake ilikuwa pesa 64, ilhali reale moja ilikwenda kwa pesa 136. Ama hazina ya dola, hiyo aghalabu haikuwa sandukuni bali daftarini, kwa kuwa ushuru wa forodha ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na nyumba ya Jairam Shivji, iliyoushika kwa miaka mingi, ndiyo iliyomlipa Sultani kodi na ndiyo iliyomkopesha alipopungukiwa. Sayyid Majid, Sultani aliyemtangulia Barghash, aliishi na deni hilo hadi kufa kwake mwaka 1870, na fauka ya hayo alitwikwa, kwa hukumu aliyoitoa Lord Canning, mtawala Mwingereza wa Bara Hindi, mwaka 1861, mzigo wa kuipelekea Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Walakini fungu kubwa kuliko yote ya fedha taslimu iliyopata kuwa mali ya Zanzibar halikuletwa kisiwani kamwe, na habari zake zafaa kuelezwa kwa utuvu. Mwaka 1890, katika enzi ya Sayyid Ali bin Said, Wajerumani walilipa marki milioni 4, yaani kadiri ya pauni 200,000, ili wamiliki moja kwa moja mwambao wa bara uliokuwa chini ya Sultani, ambao mpaka hapo walikuwa wameukodi tu. Mwaka uo huo Waingereza waliitia Zanzibar katika himaya yao, na fedha ile wakaiweka wao kama amana. Ilipofika 1895, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeukodi mwambao wa kaskazini, pamoja na Mombasa, iliposhindwa kuendelea, Serikali ya Uingereza iliinunua kwa pauni 250,000. Na katika jumla hiyo, pauni 200,000 zilitoka katika amana ile ile ya Zanzibar. Basi mwenye ardhi alitolewa mali yake kumfidia mpangaji wake, na ardhi ikapita mikononi mwa mpangaji mwingine! Tangu hapo Sultani akawa analipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 ni kodi ya mwambao, na 6,000 ni faida ya asilimia tatu ya fedha yake mwenyewe. Sioni jina la kuliita jambo hilo isipokuwa dhuluma, hata kama lilitiwa saini na kupigwa muhuri.

Mwaka 1908, katika zama za Sayyid Ali bin Hamud, Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia, zilizopambwa kwa picha ya jahazi na kubeba ahadi ya kumlipa mwenye kuzichukua, hapo hapo Zanzibar, wakati wowote atakapodai. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ilihesabiwa kwa rupia 15. Vita vya 1914 vilipovuruga thamani ya rupia, makoloni ya bara yaliiacha na kuingia katika shilingi, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa London mwaka 1919. Zanzibar ikabaki na noti zake kwa muda wa miaka 15 na zaidi, mpaka Januari 1936, katika enzi ya Sayyid Khalifa bin Harub, rupia ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Wakati huo pauni yenyewe ilikuwa imekwisha kukatwa na dhahabu tangu Septemba 1931. Kwa hiyo shilingi zilizopatikana kwa karafuu za Unguja na Pemba zilizouzwa ng'ambo dhamana yake haikuwa dhahabu, bali karatasi za serikali ya Kiingereza zilizowekwa London.

Malipo ya kila mwaka ya mwambao yaliendelea mpaka 1963, Sultani alipouachia mwambao uwe sehemu ya Kenya iliyo huru. Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi na Muungano; mwaka 1965 sarafu ikatiwa katika mambo ya Muungano, na Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango yake. Fungu la Zanzibar katika mali ya Bodi iliyovunjwa limebaki kuwa hoja mpaka leo, na hesabu inayotajwa sana na Wazanzibari wanaolidai ni asilimia 11.02.